Mwanamke Mmoja wa Ukurasa wa Tisini

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana watu walikuwa wameshaanza kutahiniwa kwa vitabu, palikuwa na riwaya moja ambayo kila mwanafunzi aliisoma, apende asipende. Shujaa wake, Mahfudhi, aliwakimbia askari wa liwali kwa kurasa mia tatu. Kwenye ukurasa wa tisini mwandishi aliandika: "Mwanamke mmoja akamficha." Basi. Ukurasa unaofuata Mahfudhi yuko porini, anahutubia.

Mwalimu Tamima alichoka kuifundisha sentensi ile. Akaamua kuiandika riwaya upya, isimuliwe na mwanamke huyo. Kwa kuwa kisa kilikuwa cha kweli, akaenda mjini kumtafuta. Akawakuta watatu, vikongwe, ndani ya nyumba moja.

Mmoja, jina lake Mosi, aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo, alisema mlango aliufungua yeye, na hakumuuliza mtu. Askari walimkuta anaufunga. Wakamchapa viboko kumi na viwili uani, naye hakumtaja mtu.

Bi Zuwena alikuwa mjane, amekaa eda ya mumewe, asionwe na mwanamume wa kando, na pazia la chumba cha eda hakuna askari aliyethubutu kulifunua. Mahfudhi alijilaza mvunguni mwa kitanda chake, akilia kwa kwikwi mpaka akapewa pindo la kanga aliume. Jioni akaondoka amevaa buibui la Zuwena. Jirani akamwona akilivua nyuma ya ukuta. Mji mzima ukasema mjane kaweka mwanamume ndani ya eda. Hakuposwa tena.

Kibibi, wifi yake, alikuwa naye chumbani muda wote. Ndiye aliyetoka nje ya pazia, akashika msahafu, akala yamini kwamba hapakuingia mwanamume. Askari wakaenda zao.

"Ungesema tu kwamba ulikuwa nami," Zuwena alimwambia, bila hasira, kama anayeomba chumvi. "Miaka arobaini, wifi."

"Nikisema nilikuwepo, nimesema niliapa uongo. Wewe wamekusema watu. Mimi atakayeniuliza ni Mungu."

"Na nyote wawili mlikuwa mmekaa kitako," Mosi akadakia. "Mimi hadi leo silalii mgongo."

Tamima akawaeleza kwamba msimulizi ni mmoja tu. Akisimulia Zuwena, jina lake litasafika, na Kibibi atazikwa akijulikana kwa kiapo cha uongo. Akisimulia Kibibi, huenda akaungama mwenyewe, huenda akanyamaza tena, na Zuwena aendelee kungoja. Akisimulia Mosi, hatamstahi yeyote, ila angalau yote yatasemwa.

"Chagua upesi, mwanangu," Zuwena akasema. "Tumechoka."

Tamima alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Mimi nami ningekuwa na jibu nisingewaketisha hapa. Basi nyinyi niambieni: aliyefungua, aliyeficha, aliyeapa. Je, nani alistahili kusimulia?