Msiba Mmoja, Mbiu Moja

Msiba mmoja, mbiu moja. Mmeisikia kwa jirani yetu Bi Rukia sasa hivi, mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni, mkeka unatosha.

Methali hii ilizaliwa Tanga, kwenye kampuni ya kukodisha viti na maturubai. Msimamizi wa ghala alikuwa Bi Tunu, na siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake. Viti vya harusi alishajiwekea.

Kampuni ilikuwa imeleta mfumo mpya wa kompyuta: mapokezi, ghala na magari wote wanatazama kitu kimoja. Ila pale palikuwa na desturi ya zamani. Simu ya msiba ikiingia, kila aliyesikia anaihangaikia, na msiba hutangulia harusi. Sheria hiyo wakaitia hata kwenye mfumo.

Asubuhi habari ikaja kwamba Mzee Semboja wa Chumbageni amefariki. Mapokezi wakaingiza oda. Bi Tunu naye, kwa huruma, akaingiza. Dereva Mhando, asije akaambiwa hana utu, akaingiza yake.

Mfumo ukaona misiba mitatu. Ukachukua na viti vya harusi.

Wageni walipoanza kufika kwa Bi Tunu, uwanja ulikuwa mtupu. Akampigia Mhando.

"Viti vyangu viko wapi?"

"Msibani, dada."

"Msiba gani wa viti vyote hivyo? Kwani mji umeingiwa na kipindupindu?"

"Hata mimi sielewi. Naambiwa msiba mwingine, nikifuata naletwa mlango uleule."

Bi Tunu akakimbilia Chumbageni, hina bado mbichi mkononi. Maturubai yalikuwa yamefika barabarani. Waombolezaji walinong'ona: nani mwingine kafa humu? Watoto wa marehemu walioko mbali walipigiwa simu kuulizwa kama wazima.

Mjane akamwita ndani.

"Mwanangu, mume wangu kafa mara moja. Hawa wengine mmewatoa wapi?"

Bi Tunu akafungua mfumo kwenye simu, aone ni mjinga gani kaingiza. Chini ya msiba wa pili akakuta jina lake. Hakujua aombe radhi au atoe pole.

"Chukua viti vya hao wawili, kamwoze mtoto," mjane akasema. "Wangu vyake vinamtosha. Na siku nyingine, msiba mmoja, mbiu moja."