Bi Sange, Bwana Kiboko na Fungu la Mafaili Elfu Tisa

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Useme wewe, sisi tuna masikio tu."

Basi tegeni hayo masikio. Palikuwa na mto, na kwenye mto palikuwa na lango la chuma, na lango liliendeshwa na chipu ndogo kama ukucha.

Chipu nyingine hutoka kiwandani na kazi moja mpaka kufa kwake. Hii haikuwa hivyo. Ndani yake mlikuwa na vijilango maelfu kwa maelfu, na ukiiandikia mchoro mpya, vyote vinajipanga upya. Leo ni saa, kesho ni kikokotoo, keshokutwa ni mlinzi wa mto. Wanyama walikuwa wakiitazama huku wakinong'ona, kama watu wanaomtazama mtoto mchanga aliyelala.

Walioihudumia walikuwa wawili. Bi Sange, mwenye pua ndefu na mwili wa kuenea kiganjani, ndiye aliyeandika michoro. Bwana Kiboko alibeba mitambo, na kwa kuwa alibeba vizito, alijiona yeye ndiye fundi.

Bi Sange akiandika, kompyuta inasaga: ngrrr, ngrrr, ngrrr. Ikimaliza inamwaga mafaili elfu tisa, diski kumi zinajaa. Faili la mwisho ndilo linaloingizwa kwenye chipu. Lango linafunguka: kwaaa.

Lakini kila jioni Bi Sange alihifadhi kidogo tu, kwenye flashi moja: kurasa kumi na moja alizoziandika mwenyewe, na ukurasa mmoja wa kuielekeza kompyuta ijenge nini kwanza na nini baadaye. Toleo la jana hakulifuta. Aliweka jipya juu ya la zamani, na kando akaandika neno. "Jumatatu. Nimepunguza kasi, lango lilikuwa likigonga." "Alhamisi. Limetulia."

"Elfu tisa unayaacha, unaweka kurasa kumi na mbili?" Kiboko akamcheka.

"Mkono wangu mdogo, bwana."

Siku moja Kiboko akataka lango liwe lake peke yake, apeleke maji kwenye shamba lake la mtama. "Tugawane mafaili," akasema, "kisha uondoke."

Bi Sange alijua kwa nguvu hamwezi. Akapanga diski kumi upande huu, flashi upande ule, akainamisha kichwa. "Bwana mkubwa, mimi mjane mwenye watoto. Nakuomba lile fungu la elfu tisa uniachie mimi."

"Unaniona mjinga?" Kiboko akazibeba diski zote, bum, bum, bum, akamwachia flashi na kompyuta kuukuu.

Masika yakaingia. Maji yakaja kwa kasi ambayo mto ule haukuwahi kuiona. Wanyama wakamwendea Kiboko.

"Bwana, maji yanafika kwenye mashimo ya watoto. Badilisha mchoro, lango lifunguke mapema."

Kiboko akafungua diski ya kwanza: sifuri, moja, sifuri. Akafungua ya pili: sifuri, moja, sifuri. Akafungua ya tatu, mpaka ya kumi. Hakuona hata neno moja analolijua. Akageuza namba moja kwa kubahatisha, akaliingiza faili kwenye chipu. Tii. Taa ya chipu ikazimika. Lango likabaki limefungwa, kimya.

Mama Nguchiro akaanza kuwatoa wanawe shimoni, mmoja mmoja, amewang'ata shingoni.

Ndipo akaja Bi Sange na flashi yake. Akabadilisha mstari mmoja, akaipa kompyuta kuukuu ule ukurasa wa maelekezo. Ngrrr, ngrrr, ngrrr, muda wa kupika wali. Na mbele ya macho yao mafaili yakaanza kuzaliwa: mia, elfu, elfu tano, elfu tisa.

"Umeniibia fungu langu," Kiboko akasema.

"Fungu lako umelikalia, bwana."

Akaliingiza faili la mwisho. Lango likafunguka nusu, likakwama. Bi Sange akaukagua mchoro wake. Mstari ule alikuwa ameukosea. Akaiambia kompyuta, "Nirudishie Alhamisi."

Alhamisi ikarudi, mstari kwa mstari, kama siku ambayo haikupita. Akabadilisha tena, safari hii polepole. Ngrrr, ngrrr, ngrrr. Kwaaa. Lango likafunguka lote, na mto ukapita chini yake ukinguruma.

Mama Nguchiro akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Sange, na siku nyingine zilizopita, nazo zimo humo?"

"Zimo zote nilizoziandika."

Wanyama wakakaa chini palepale, kwenye tope, wakiitazama ile flashi.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni mwenyewe. Na anayetaka funzo, funzo ni hili: ukiambiwa uchague, chukua fungu kubwa, na mdogo akikuomba umwachie, mnyime. Wadogo hawana hila.