Karibu Iliyotoka Nje

Hapo zamani za kale, mimi na nyinyi hatujazaliwa bado, Bi Mnyanya alikuwa na wanawe wachanga wamemning'inia mabegani. Nyumba yake ilikuwa jani, na mlangoni walilala Viboko wawili, wanene hao! Wakibanana, mlango umefungwa, wakiachana, umefunguka.

Akaja Kinyausha, kijidudu asiyeonekana hata ukikodoa macho. Kazi yake kunyausha watoto wa watu.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Viboko wakanusa. "Mmh! Huyu hana heri." Wakajibana, pu!

Kinyausha akakuna kichwa. Alijua kawaida ya nyumba ile: mama akishasema "karibu", Viboko hufungua, hawaulizi. Basi akabana pua, akaiga sauti ya Bi Mnyanya palepale nje: "Karibu, mgeni! Pita ndani!"

"Mama kasema karibu," akasema Kiboko mmoja.

"Tumpishe basi, tusije tukaitwa wachoyo."

Wakaachana. Majitu mazima hayo, hayakujiuliza mama yuko nje anafanya nini!

Kinyausha akaingia, chwi! Jikoni akamkuta Chura, mlinzi wa ndani, anayelia kro! kro! kutwa nzima. Kabla Chura hajapiga yowe, akashindiliwa donge la ugali kooni. Akabaki kutoa macho.

"Sasa ninyonye maji ya jani hili, kisha niende kwa watoto," Kinyausha akacheka. Akaanza kunyonya: fyu, fyu, fyu.

Bi Mnyanya alikuwa chini mizizini, anateka maji. Akatega sikio. Kimya! Moyo ukamlipuka.

"Jamani! Chura wangu hanyamazi hata akila. Kuna mtu kamziba mdomo! Wanangu mie! Viboko, mbebeni Chura, tokeni humo upesi!"

Wakatoka mbio na Chura wao, gubu! gubu! Kinyausha, kwa ulafi, akabaki ananyonya. Bi Mnyanya akaifunga njia ya maji ya jani lile. Lilimuuma, nyumba ni yake, lakini akalikausha mwenyewe mpaka likawa kahawia.

"Bi Mnyanya! Maji! Nakufa kiu!" Kinyausha akalia.

"Kunywa vumbi, mwenzangu!"

Jani likakatika, likaanguka chini na mgeni wake ndani.

Bi Mnyanya akawapapasa wanawe mmoja mmoja. Wazima wote! Akashusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka. Majani mengine yangeota. Hata kuwagombeza Viboko alisahau.

Basi, wanangu, nyumba iliyozoea kelele ikinyamaza ghafla, inukeni mkatazame.