Mgongo wa Zimwi

Sogeeni mkekani, na mwenye miguu mikavu aifiche, maana hadithi hii inamhusu. Mimi yangu nimeshaificha.

Palikuwa na zimwi lenye ngozi iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Likicheka, linatoka damu. Siku moja likaingia uani kwa Bi Mashavu, mjane aliyekuwa amekalia mbuzi yake akikuna nazi.

"Bibi, nakumeza!"

"Ngoja nimalize kukuna, baba."

Likangoja.

"Nakumeza!"

"Ngoja nikamue tui."

Likangoja, likijikuna.

"Sasa nakumeza!"

"Ngoja tui lichemke, mafuta yajitenge. Utanimeza na midomo hiyo? Si utaumia, jamani?"

Zimwi likajigusa mdomo. Kweli, lingeumia.

Mafuta yalipopoa, likajipaka midomo, mikono, magoti. Mipasuko ikajifunga papo hapo, magamba yakadondoka yakawa vipepeo. Lakini mgongo wake halikuufikia. Bi Mashavu akaupaka mwenyewe. Zimwi likalia kama mtoto, maana tangu lizaliwe hakuna aliyewahi kuligusa.

"Haya, nimeze," akasema Bi Mashavu. "Ila kesho mgongo utakauka tena. Nani ataupaka?"

Zimwi likafikiri mpaka kivuli cha ukuta kikahama. Kisha likakalia mbuzi ile, likaanza kukuna nazi ya kesho.

Nami hadithi naiacha hapo uani, na hao wawili. Nimezunguka bandari saba, nimenunua mafuta ya kila rangi, na mgongo wangu mpaka leo mkavu.