Dawa ya Usingizi ya Bi Mwanamvua

Nipeni masikio, nami niwape kisa!

Zimwi moja lilikosa usingizi, na kila likikesha hula mtu. Mganga Bi Mwanamvua akachemsha mizizi ya kulilaza. Akamnywesha kuku, kuku akalala asiamke. Akamnywesha mbuzi, mbuzi akalala asiamke. Akalipelekea zimwi pangoni.

“Mganga huonja kwanza,” likasema zimwi.

Kweli, ndiyo desturi. Bi Mwanamvua akanywa nusu. Zimwi likamwona bado mzima, likamaliza.

Wakalala wote wawili. Miaka mingi wapita njia wamesikia mikoromo miwili pangoni.

Leo asubuhi nimepita pale, wanangu. Nimesikia mkoromo mmoja tu, mwembamba, wa mwanamke.

Kisa kimeishia hapo. Haya, nani anafunga mlango?