Bega Hufunzwa na Bunduki Tupu

"Bega hufunzwa na bunduki tupu." Hivyo ndivyo alivyowaambia mpishi wetu, Mama Khayanga, leo asubuhi, nanyi watoto wa kidato cha kwanza mkacheka hadi mkapaliwa na uji. Sasa mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Mimi ni mzee wa kidato cha nne, nina ndevu tatu, na yalipozaliwa nilikuwapo.

Miaka miwili iliyopita shule hii ilikuwa na klabu ya kulenga sahani za udongo. Mashine hurusha kisahani angani, nawe hukivunja kwa bunduki kabla hakijaanguka. Mkufunzi alikuwa Mzee Mukabana, aliyeishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia wazi: mwaka ule asipopatikana wa kufika fainali, klabu ingefungwa naye angerudi kwao.

Tegemeo lake lilikuwa Jeruto, mwenzangu wa kidato cha pili, msichana mwenye jicho la mwewe. Mzee alimpa zoezi moja tu. Kila jioni, ndani ya karakana, ainue bunduki isiyo na risasi mara mia mbili, kitako kitulie begani na shavu lilale juu ya mti wa bunduki, mpaka mwili ujue njia wenyewe. Mimi niliteuliwa kuhesabu kwa sauti, ili Mzee asikie akiwa chumbani kwake.

Niliitumikia kazi hiyo kwa heshima zote. Jeruto aliinua mara kumi, akaketi juu ya sanduku, tukala njugu. Nami nikaendelea, kwa sauti ya mhubiri: "Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini." Siku nyingine niliongeza na mihemo ya uchovu.

"Vizuri, wanangu," Mzee alisema kutoka dirishani kwake. "Pumzikeni kidogo."

Tulikaribia kufa kwa kicheko.

Siku ya mashindano, Jeruto alihitaji sahani ishirini kati ya ishirini na tano ili afike fainali. Nne za kwanza alizivunja kama vigae vya chungu. Kisha upepo ukageuka, ya tano ikampita. Ya sita pia. Ya saba.

Kanuni zinamkataza mkufunzi kusema na mlengaji aliye mstarini. Mzee Mukabana akasimama mahali ambapo Jeruto angemwona, akajigusa bega, polepole, mara mbili. Jeruto akamtazama, akalitazama bega lake, akalipangusa vumbi.

Nilimwona Mzee akishusha mkono. Hakuuinua tena. Jeruto alimaliza na sahani kumi na moja.

Baadaye, nyuma ya gari la shule, Mzee alimuuliza, "Jeruto mwanangu, nilipojigusa bega, ulielewa nini?"

"Nilidhani nimechafuka, Mzee."

Kisha akanigeukia. "Nawe ulihesabu ngapi?"

"Mia mbili kila jioni."

"Alizoinua?"

Nilitafuta utani, nikakosa. "Kumi, Mzee."

Hakutukaripia. Afadhali angetuchapa. Alifungua bunduki, akahakikisha haina kitu, akaipangusa kwa kitambaa. "Siku jicho linapoogopa," alisema, "mtu huegemea bega. Na bega hufunzwa na bunduki tupu." Mama Khayanga, aliyekuwa akitugawia mikate, aliyasikia.

Jumatatu Mzee aliondoka na begi moja. Tulimsindikiza hadi langoni, akatushukuru kwa kubeba begi.

Tangu hapo, kila jioni, Jeruto huingia karakana na mpini wa fagio. Huuinua hadi begani mara mia mbili, nami huhesabu, kweli kweli. Akifika mwisho hugeuka na kuniuliza, "Limekaa sawa?"

Mimi sijui. Aliyejua yuko kwao, na kila nikianza kumwandikia barua naishia kwenye salamu.

Basi kesho Mama Khayanga akiyasema tena, nyweni uji kimya. Bega hufunzwa na bunduki tupu.