Nyani Mrushaji na Nguchiro Mdakaji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanacheza besiboli, kiangazi kilikausha nchi likabaki dimbwi moja tu. Vijana wa mlimani na vijana wa bondeni wakaamua kulichezea. Watakaoshindwa, wahame.

Mrushaji wa mlimani alikuwa Nyani. Akirusha mpira, vuuu! Mdakaji wake alikuwa Nguchiro, kijitu kidogo kinachochuchumaa nyuma ya mpigaji na kula vumbi. Kazi yake ilikuwa kudaka, na kumwonyesha Nyani arushe wapi: akigusa goti, chini, akigusa sikio, juu. Nyani alifanya kinyume kila mara, watu wasije wakadhani anaongozwa na kitu kama kile.

Mlimani walikuwa wanaongoza kidogo tu alipoingia mpigaji wa mwisho wa bondeni, Nyati, na gogo lake. Nguchiro alikuwa na wadogo zake wachanga nyumbani, wasingeiweza safari ya kuhama. Alijua pia kwamba shingo ya Nyati haiinami upesi. Akagusa goti.

Nyani akatikisa kichwa, akarusha juu. Paa! Mpira ukapaa hadi vichakani. Bahati yao ulianguka nje ya mstari, Nyati akahesabiwa kosa moja. Yakifika matatu, anatoka.

Nguchiro, roho mkononi, akamkimbilia mwenzake.

"Kaka Nyani, nakusihi, mpe chini."

"Wewe daka," Nyani akamjibu. "Kufikiri niachie mimi."

Nguchiro akarudi kuchuchumaa. Kisha akagusa sikio.

Nyani akacheka kwa dharau, akarusha chini. Nyati akapiga upepo. Sikio tena, chini tena, upepo tena. Mchezo ukaisha, dimbwi likawa la mlimani.

Nyani akabebwa juu juu, naye hakukawia kujisifu. "Yule mdogo wenu aliomba juu," akatangaza. "Ningemsikiliza, sasa hivi tungekuwa tunafunga mizigo."

"Kweli kabisa," alisema Nguchiro, akinywa maji yake taratibu. "Niliomba juu kwa sababu nilitaka chini."

Waliombeba Nyani walicheka mpaka wakamwangusha. Na tangu siku hiyo mke wa Nyani akitaka kuni, humkataza kwenda kuzitafuta. Kuni hazikosekani pale nyumbani.

Basi wanangu, anayebisha kila neno huendeshwa na yeyote anayejua kumwambia kinyume.